Kabla Mabati Hayajafika

Dalili ya kwanza ni ndogo, hata watoto huikalia. Vipande vinne vya saruji, kila kimoja na chuma kidogo katikati, vimechomoza kwenye nyasi pembeni mwa goli. Ni alama za mpaka; mtaani tunaviita bikoni. Jana havikuwapo. Wavulana wanavifanya viti wakisubiri zamu yao ya kucheza, na mpira unaendelea kama kawaida. Wiki mbili baadaye, usiku wa kuamkia Jumapili, lori linashusha miti na mabati. Kufikia adhuhuri uwanja umezungushwa wote, na mlangoni yupo mlinzi ambaye hajui lolote ila kwamba ameambiwa asimruhusu mtu kuingia.

Aliyekulia katika mji wowote wa Kenya anakijua kisa hiki, na anajua kinavyoendelea: watu wanakusanyika, wanapiga kelele, diwani anakuja na kuondoka, polisi wanafyatua vitoa machozi, magazeti yanapiga picha. Kisha mwanamume mwenye suti anatoa hatimiliki mfukoni na umati unanyamaza. Kumbe uwanja una mwenyewe!

Hapo ndipo watu wengi huvunjika moyo, na ndipo makala haya yanapoanzia. Siku ya mabati ni siku ya mwisho ya safari ndefu. Uwanja uliondoka kwa karatasi miaka kumi au ishirini kabla, ofisini, pasipo kelele. Kwa hiyo mtu anayeulinda kweli hana budi kuwa na macho mawili: moja la nyasini, jingine la mafaili.

Amana isiyo na jina

Tuanze na swali la kitoto: uwanja wa mtaa ni wa nani? Jibu la mitaani ni “wa serikali”, na jibu hilo limetuponza sana, kwa sababu kitu cha serikali huonekana kama kitu ambacho mkubwa serikalini anaweza kumpa amtakaye. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 62, inasema tofauti. Ardhi ya umma ya aina hii inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa amana, kwa niaba ya wakazi wa kaunti hiyo, na kusimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Amana ni neno tunalolijua vizuri. Jirani akisafiri akakuachia mbuzi wake, unaweza kumlisha, unaweza hata kumkama, lakini huna ruhusa ya kumchinja.

Shida ni kwamba mbuzi huyu mara nyingi hakuandikwa popote. Sehemu za wazi katika miji yetu zilipatikana kwa njia mbalimbali. Nyingine zilichorwa na wapangaji wa mji tangu enzi za mkoloni. Nyingine zilitolewa zawadi: Bustani ya Jeevanjee iliyo katikati ya Nairobi ilitolewa kwa wakazi wa mji mwaka 1906 na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee, mzaliwa wa Karachi. Na nyingi, pengine nyingi zaidi katika mitaa ya miaka ya karibuni, zilitokana na ukataji wa ploti. Hii ya mwisho ndiyo yenye hila, kwa hiyo tuitazame kwa makini.

Mtu ana ekari ishirini nje ya mji na anataka kuzikata auze. Mamlaka ya mipango inamruhusu kwa sharti kwamba aachie umma barabara na kipande cha wazi, bila malipo. Anakubali, na kwenye mchoro anaachia kweli. Lakini kuhamisha kipande kile rasmi kiwe mali ya halmashauri ni hatua nyingine, yenye fomu nyingine, na aghalabu hakuna anayeifuatilia. Mwenye shamba hana haraka, na karani wa halmashauri ana mafaili mpaka kwenye dari. Ploti zinauzwa, watu wanajenga, watoto wanacheza pale palipoachwa. Kumbe kwenye daftari la msajili kipande kile bado kina jina la mwenye shamba, au hakina jina kabisa. Kuku asiyefungwa kitambaa mguuni hana mwenyewe siku ya sikukuu.

Shule nyingi za umma zimekaa katika hali hiyohiyo: madarasa yapo, bendera ipo, wanafunzi mia nane wapo, hatimiliki haipo.

Barua iliyogeuka bidhaa

Sasa tuje kwenye mkono uliochukua. Kabla ya sheria mpya za 2012, ardhi ya serikali ilisimamiwa chini ya Sura ya 280 ya sheria za Kenya. Rais alikuwa na mamlaka ya kugawa ardhi ya serikali ambayo haijatengwa, na kazi yenyewe ilipita kwa Kamishna wa Ardhi. Neno zito hapo ni hilo “haijatengwa”. Ardhi ikishawekwa kwenye mpango wa mji kuwa uwanja, imekwisha kutengwa. Haimo tena katika kapu la vitu vya kugawa. Mtu akipewa barua ya kugawiwa uwanja, barua hiyo imezaliwa maiti.

Lakini maiti hiyo ilikuwa na muhuri. Barua ya ugawaji si hatimiliki; ni ahadi tu yenye masharti, kwamba ukubali, ulipe ada, kisha ardhi ipimwe na kusajiliwa. Watu wakubwa waligundua kwamba hawana haja ya kungoja yote hayo. Barua yenyewe ilikuwa inauzika. Unaipata asubuhi kwa kujuana na mtu, unaiuza jioni kwa mamilioni, na anayenunua ndiye anayekwenda kuhangaika na wapimaji. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyoundwa 2003 na kukabidhi ripoti yake 2004, ilikadiria kwamba hati zipatazo 200,000 zilitolewa kinyume cha sheria kati ya 1962 na 2002. Viwanja vya shule vilimo, misitu imo, makaburi yamo, hata vyoo vya umma vimo. Ripoti ilionyesha pia jinsi mashirika ya umma, yakiwemo yanayotunza akiba za wafanyakazi, yalivyosukumwa kununua ardhi za namna hiyo. Kwa hiyo mfanyakazi aliyekatwa mshahara wake kuweka akiba ya uzeeni alikuwa, bila kujua, ananunua uwanja aliochezea utotoni.

Mauzo ndiyo sabuni. Kila ardhi inapohama mkono, uchafu wa mwanzo unafifia, mpaka anapatikana mtu wa nne ambaye kwa dhati anaweza kusema: mimi nililipa, nilifanya uchunguzi, rejista ilikuwa safi, sijamwibia mtu. Wanasheria humwita mnunuzi asiye na hatia, na kwa miaka mingi mahakama zilimhurumia.

Mambo yalibadilika Nyali. Kisa hicho tukikalie kidogo, maana kila anayelinda uwanja nchini leo anakitegemea, hata kama hakijui. Ni kipande cha ardhi kinachotazama ufuo wa bahari, upande wa bara wa Mombasa kaskazini. Mwaka 1989 kiligawiwa Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi. Baadaye kikauzwa kwa kampuni, nayo ikakiuza kwa kampuni nyingine, ambayo ilikuwa na hatimiliki mkononi. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ilibomoa ukuta ulioelekea baharini ili kufungua njia ya umma kwenda ufuoni. Kampuni ikaenda mahakamani. Ikashindwa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ikashindwa katika Mahakama ya Rufaa, na Aprili 2023 ikashindwa katika Mahakama ya Juu.

Hoja ya majaji, ukiivua joho la kisheria, ni nyepesi. Kipande kile kilikuwa kimeshatengwa kuwa eneo la wazi, kwa hiyo hakikuwa cha kugawiwa mtu, hata awe rais. Ugawaji wenyewe haukufuata utaratibu. Basi hati ya kwanza haikuwa na mizizi, na hati zilizochipuka juu yake haziwezi kuwa na mizizi pia. Mnunuzi hawezi kujificha nyuma ya rejista safi. Alipaswa kufukua historia. Katiba yenyewe, kifungu cha 40(6), inasema ulinzi wa mali hauifikii mali iliyopatikana kinyume cha sheria, na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inaruhusu hati ipingwe ikiwa ilipatikana kwa hila, kwa rushwa au bila kufuata taratibu.

(Kubomoa kwanza na kushtakiana baadaye sikupendi, hata anayebomoa akiwa upande wangu. Tingatinga lililozoea kutembea bila amri ya mahakama halichagui ukuta.)

Kwa hiyo mwanamume mwenye suti akitoa hati mfukoni, umati hauna sababu ya kunyamaza. Swali la kumuuliza ni moja: uliyenunua kwake alipata wapi, na aliyemtangulia je?

Nani ana ruhusa ya kusema?

Zamani hata swali hilo hukuruhusiwa kuliuliza. Mwishoni mwa 1989 mwanamazingira Wangari Maathai alisikia kwamba ndani ya Uhuru Park, bustani kubwa ya wazi iliyo jirani na katikati ya Nairobi, ungejengwa mnara wa ghorofa 60 wa shirika la magazeti la chama tawala, pamoja na sanamu ya rais. Aliandika barua kwa kila aliyeweza kusoma: ofisi za serikali, mabalozi, mashirika ya kimataifa. Bungeni alitukanwa. Rais alisema hadharani kwamba mwanamke wa Kiafrika aliye sawasawa huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Shirika lake, Green Belt Movement, likafurushwa katika ofisi za serikali lilizokuwa likizitumia.

Alikwenda pia Mahakama Kuu, na sehemu hii husimuliwa mara chache: alishindwa. Jaji alisema Wangari hakuonyesha madhara yoyote yaliyompata yeye binafsi, na kwamba anayeweza kushtaki kwa niaba ya umma ni Mwanasheria Mkuu peke yake. Hebu fikiria. Bustani ya umma inachukuliwa na watu wa serikali, na mlango pekee wa kulalamikia ni wa wakili wa serikali hiyohiyo. Kilichouangusha mnara ni zile barua na aibu iliyofuata. Wafadhili wa nje wakajiondoa mwaka 1990 na mradi ukafa. Mwaka 1992, kwenye kona ya bustani hiyohiyo, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa na kugoma kula wakidai wana wao. Bustani ingekuwa msingi wa mnara, wangekaa wapi?

Kushindwa kule mahakamani kuliacha jeraha ambalo waandishi wa Katiba walilikumbuka. Kifungu cha 70 sasa kinamruhusu mtu yeyote kwenda kortini kutetea haki ya mazingira safi, bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye au mwingine amepata hasara. Wewe unayesoma hapa, hata kama huishi karibu na uwanja unaochukuliwa, mlango uko wazi kwako.

Karura, msitu ulio Nairobi, ndiyo inayokumbukwa zaidi, na si ajabu. Januari 1999 walinzi waliokodiwa walimpiga Wangari kichwani alipokwenda na wenzake kupanda miti katika msitu uliokuwa umegawiwa watu binafsi. Akaenda kituo cha polisi damu ikimtiririka na kuitia sahihi taarifa yake kwa damu hiyo. Msitu wenyewe, zaidi ya hekta 1,000 ndani ya jiji, ulipona. Lakini tukisimulia damu peke yake tunawadanganya vijana wetu. Wataamini kwamba kulinda uwanja ni kazi ya mashujaa wachache, na wao watangoja shujaa aje.

Kazi isiyopigwa picha

Miaka miwili iliyopita, kwenye mtaa mmoja wa bara huku Mombasa, mzee mmoja aliyewahi kuwa mwamuzi wa mpira alinionyesha bahasha ya kaki iliyochoka pembe. “Huu ndio uwanja, mwanangu,” alisema, akaipigapiga juu ya meza. Ndani mlikuwa na mambo yafuatayo.

Kwanza, nakala ya ramani ya usajili ya eneo zima, ambayo mtu yeyote anaweza kuinunua katika Idara ya Upimaji. Huwezi kufanya uchunguzi rasmi wa ardhi bila namba, na uwanja hauna kibao cha namba. Mzee alizunguka kwa majirani, akawaomba namba za hati zao. Wa mashariki ni 112, wa magharibi ni 114. Akaenda kwenye ramani, akakuta 113. Kazi ya wiki moja na soli moja ya kiatu, lakini sasa uwanja ulikuwa na jina la kuulizwa. Chini ya ramani palikuwa na majibu ya uchunguzi huo, au sachi kama wenyewe wanavyoiita, moja kwa kila mwaka. Anaifanya kila Januari. Jina likibadilika, atajua kabla bikoni hazijachimbiwa, na wakati huo bado kuna mengi ya kufanya: kuandikia kaunti na Tume ya Ardhi, kumtaka msajili aweke kizuizi ili kipande kisiuzwe zaidi, au kuomba amri ya mahakama.

Palikuwa pia na vipande vya gazeti. Anayetaka kubadilisha matumizi ya ardhi, kwa mfano kutoka uwanja kuwa makazi, hutakiwa kulitangaza ombi lake, na tangazo huwapa watu siku 14 za kupinga kwa maandishi. Matangazo hayo huchapishwa kwa herufi za kunguni, katikati ya tanzia na minada. Karibu hakuna anayeyasoma, na mwombaji anajua hivyo. Mzee huyasoma kabla ya habari za michezo.

Kilichobaki kwenye bahasha ni ushahidi wa matumizi: ratiba za ligi ya mtaa, barua ya kuomba kaunti ikate nyasi na jibu lake, picha ya swala ya Idi. Jibu la kaunti kuhusu nyasi ni karatasi ya thamani kuliko inavyoonekana, kwa maana kaunti imeandika kwa mkono wake kwamba uwanja ni wake kuutunza.

Nilimuuliza kwa nini hangojei Tume irekebishe hati mbovu. Ni kweli Tume ilipewa mamlaka ya kupitia upya ugawaji wa ardhi za umma, lakini sheria iliipa miaka mitano tu, na muda huo ukakatika 2017. Tangu hapo, mpaka sheria iliporekebishwa 2025 kuirudishia Tume mamlaka hayo, mzigo wa kuzifuta hati za aina hiyo uliangukia zaidi mahakama, na mahakama hula ushahidi. Anayekwenda na hasira tupu hurudi nayo.

Hata kisa cha Shule ya Msingi ya Lang'ata Road jijini Nairobi, kilichozunguka dunia Januari 2015, kina upande huu. Watoto walirudi shuleni baada ya mgomo wa walimu wakakuta uwanja wao umejengewa ukuta. Wakausukuma kwa mikono yao midogo, polisi wakawarushia vitoa machozi, na aibu ile ikailazimisha serikali kuurudisha uwanja. Ukuta uliangushwa kwa siku moja. Lakini kilichofuata, na ambacho hakikuwa na kamera, ni juhudi za kuzitafutia shule za umma hatimiliki zao, shule moja baada ya nyingine.

Mahali ambapo mambo yanachafuka

Ningependa kuishia hapo, wabaya upande huu na wema upande ule. Haiwi hivyo.

Mnyakuzi wa uwanja haji kila mara akiwa bwenyenye. Mara nyingi huja akiwa kitu kizuri: kanisa linaloomba kona ndogo, msikiti unaotaka madrasa, kituo cha polisi, zahanati, tangi la maji. Kila moja lina hoja, na kila moja huchukua hatua kumi. Kamati inayoweza kupambana na kampuni hushindwa kumwambia mchungaji hapana. Kisha wapo wachuuzi na mafundi wa jua kali waliopanga vibanda pembeni mwa uwanja kwa sababu mji haukuwatengea mahali pengine. Wao hawana hatimiliki ya kughushi, wana watoto wa kulisha, na ndio huwa wa kwanza kufukuzwa kampeni ya “kurejesha ardhi ya umma” inapoanza. Binafsi sioni kwamba muuza viazi karai ni mwizi wa aina moja na mwenye barua ya ugawaji.

Na uzio je? Karura ya leo ina uzio wa umeme, na chama cha kijamii cha marafiki wa msitu kilichoundwa 2009 kimefanya kazi kubwa pamoja na Huduma ya Misitu. Mahali palipoogopwa kwa wizi na mauaji sasa watu wanakimbia na kuendesha baiskeli. Lakini mlangoni unalipa. Kwa familia ya watu sita kutoka mitaa ya mabati iliyo ng'ambo ya barabara, tiketi ni tiketi. Uhuru Park nayo ilifungwa 2021 kwa ukarabati na kukaa muda mrefu bila watu kuruhusiwa kuingia, ingawa hakuna aliyeinyakua. Uwanja unaweza kuwa wa umma kwa karatasi na usiwe wa umma kwa miguu.

Bustani ya Jeevanjee inanifurahisha kwa sababu hiyo. Mwaka 1991 baraza la jiji lilitaka kujenga hapo jumba la ghorofa nyingi na maegesho ya magari. Zarina Patel, mjukuu wa yule aliyeitoa, akaongoza upinzani mpaka mpango ukaachwa. Baadaye watu wasio na kazi, wanafunzi na wazee wa maneno wakaanza kukutana chini ya miti yake kujadili siasa, wakajiita Bunge la Mwananchi. Hawauzi tiketi. Wanapalinda mahali pale kwa kukaa tu, kila mchana, wakibishana.

Mzee wa bahasha alikuwa na picha moja aliyoiacha mwisho. Timu ya mtaa, rangi imefifia, vijana wamechuchumaa mstari wa mbele, na nyuma yao mwembe wenye tawi lililopinda kama kiwiko. Yeye ni wa tatu kutoka kushoto, filimbi shingoni. Mpimaji wa kaunti alipokuja kuhakiki mipaka, alishika picha ile muda mrefu kuliko ramani. Kisha akatoka nje na kuuliza mwembe uko wapi. Wakamwonyesha. Akaanza kupima kutoka hapo.